Mimba ya kwanza na hesabu za wiki: kwa nini kila mtu anakupa tarehe yake

Ukishika mimba ya kwanza kitakachokuchanganya mapema kuliko hata kichefuchefu ni hesabu. Umepima mkojo Jumamosi, mistari miwili, unajua kabisa mambo yenyewe yalifanyika kama wiki tatu zilizopita, Jumatatu unaenda kliniki nesi anakwambia mimba ina wiki tano. Tano zimetoka wapi? Kuna nyumba zimewaka moto kwa hesabu hii, mwanaume anahesabu vidole, anakumbuka wiki tano nyuma alikuwa safari Mbeya, anaanza kununa bila kusema ananunia nini. Af mama nyumbani anakwambia ni miezi tisa tu mwanangu, simu inakwambia wiki 40, utrasaundi inatoa tarehe yake na kila ukirudi inatoa nyingine. Mwishoni hujui uamini nani, na shida ni kwamba vitu vingi kwenye mimba vinategemea tarehe hiyo hiyo, dawa gani unapewa lini, unasafiri lini kwenda kwenu, unakubali au unakataa kuanzishiwa uchungu, hadi likizo kazini.

Tuanze na hizo wiki mbili za ziada. Hospitali haihesabu kuanzia siku mliyokutana, inahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ile siku damu ilipoanza kutoka, sio ilipokata. Sababu ni rahisi tu, siku mimba ilipotungwa hakuna anayeijua kwa uhakika maana mbegu zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hata siku tano zikisubiri yai, lakini siku damu ilipoanza wanawake wengi wanaikumbuka au wameiandika mahali. Kwa hiyo kwenye zile wiki mbili za mwanzo za "mimba" wewe hata mimba hukuwa nayo, yai lilikuwa bado linapevuka. Ukiambiwa wiki tano maana yake mtoto ametungwa kama wiki tatu zilizopita. Mwambie baba mtoto arudie hesabu zake.

Sasa tarehe ya kujifungua. Kanuni inayotumika mpaka leo inaitwa kwa jina la daktari mmoja Mjerumani wa karne ya 19, Franz Naegele, na iko hivi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, alafu weka mwaka unaostahili. Tuseme damu ilianza tarehe 10 Machi. Ongeza saba ni 17, rudi miezi mitatu ni Desemba, kwa hiyo matarajio ni 17 Desemba. Lakini aplikesheni ya kwenye simu haitumii kanuni hiyo, yenyewe inahesabu siku 280 moja kwa moja, na siku 280 kutoka 10 Machi zinaangukia 15 Desemba. Nesi ameandika 17 kwenye kadi, simu inasema 15, na wote wako sawa, ni vile miezi haina siku sawa basi. Nimeona wadada wanagombana na manesi kwa siku mbili hizi wakati hata hiyo tarehe yenyewe ni makadirio, katika watoto 100 wanaozaliwa wanne au watano hivi ndo wanatua siku ile ile iliyoandikwa. Kuanzia wiki 37 mpaka 42 kote huko ni kawaida, kipindi cha wiki tano nzima, na sisi tunazungushia duara siku moja kwenye kalenda tunaanza kupiga simu "vipi, bado tu?"

Na kanuni yenyewe inadhani kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28 na yai linatoka siku ya 14. Wangapi wako hivyo? Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka kama wiki moja baadaye, kwa hiyo tarehe yake halisi inasogea mbele wiki nzima, huyo wa 10 Machi kwa hesabu ya simu anatoka 15 anaenda kwenye 22 Desemba. Usipomwambia nesi kwamba siku zako huwa ni 35 hawezi kujua, ataandika tarehe ya wote. Kuna na vitu vingine vinavyovuruga, mojawapo ni P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Ukiimeza hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa, sasa ukishika mimba mwezi unaofuata unahesabu kutoka kwenye damu ambayo haikuwa kwenye ratiba yake. Sindano za uzazi wa mpango nazo hivyo hivyo, unaacha, miezi inapita huoni kitu, af unashika mimba bila hata kuona siku zako, hapo hiyo "hedhi ya mwisho" utaitoa wapi? Na wengine wanapata matone kidogo karibu na wakati walipotegemea hedhi, wanadhani ndo yenyewe imekuja kidogo mwezi huu, kumbe tayari ni mjamzito, hesabu inapungua mwezi mzima. Kama damu ilikuwa tofauti na kawaida yako, matone tu, pedi moja haikujaa, isemee kliniki na utaje na ile ya kabla yake.

Hapa nimtetee bibi kidogo. Wazee wa pwani wengi wanahesabu kwa mwezi mwandamo, mwezi wa siku 29 au 30, na wanasema miezi tisa. Vijana tunawacheka. Lakini fanya hesabu, miezi tisa ya mwandamo ni kama siku 266, na siku 266 ndo wastani wenyewe wa kutoka mimba kutungwa mpaka mtoto kuzaliwa, yaani zile 280 za hospitali ukitoa wiki mbili za mwanzo ambazo hazikuwa na mtoto. Bibi hajakosea hata kidogo, ameanzia tu pengine. Vurugu inaanza pale unapochukua miezi tisa ya bibi ukaianzisha kwenye tarehe ya hospitali, au unapogawa wiki 40 kwa nne nne ukapata miezi kumi ukashtuka. Wiki 20 sio miezi mitano kamili ya kalenda, ni kama minne na nusu. Ukiamua kuhesabu kwa wiki, baki kwenye wiki mpaka mwisho.

Twende kwenye utrasaundi maana ndo inayoliza watu. Mashine haijui mimba ilitungwa lini, inampima mtoto ukubwa tu, alafu inasema mtoto wa ukubwa huu kwa kawaida ana wiki kadhaa. Miezi mitatu ya mwanzo watoto wote wanakua karibu kwa mwendo mmoja, wa mama mrefu na wa mama mfupi, wa aliyeshiba na wa anayetapika kila kitu, wanampima kutoka utosini mpaka makalioni na makosa yanakuwa kama siku tano mpaka saba tu. Mimba ikifika katikati makosa yanaongezeka kidogo, na ikifika miezi ya mwisho kila mtoto ameshachukua mwili wake, mmoja mnene mwingine mwembamba kama baba yake, hapo mashine inaweza kukosea kwa wiki tatu mbele au nyuma. Kwa hiyo ukifanya utrasaundi wiki ya 10, ukarudia ya 22, ukarudia ya 34, utapata karatasi tatu zenye tarehe tatu tofauti na zote zimeandikwa kwa kujiamini kabisa. Ya kufuata ni ile ya kwanza kabisa kufanyika, na ikiwa imepishana na hedhi yako kwa zaidi ya wiki moja hivi ndo daktari anaibadilisha tarehe, akishaibadilisha imetoka hiyo, za baadaye hazigusi tena.

Na hii sio ubishi wa karatasi. Tuseme tarehe ya mwanzo inasema wiki 34, utrasaundi ya leo inasema mtoto ana ukubwa wa wiki 30. Mtu akikwambia "aa basi mimba yako ni changa, tarehe tunaisogeza mbele" anaweza kuwa amekuficha tatizo, kwa sababu maana nyingine ya karatasi hiyo ni kwamba mtoto hakui vizuri, kondo halimlishi vya kutosha, na anatakiwa kuangaliwa kwa karibu. Ukibadilisha tarehe, mtoto aliyedumaa anageuka ghafla kuwa mtoto wa kawaida, kwenye karatasi tu. Ndo maana ile karatasi ya kwanza usiitupe, ipige picha ukae nayo kwenye simu.

Sasa tatizo letu. Sisi mimba changa tunaificha. Unaambiwa usiseme mpaka ikae, macho ya watu, na wa mimba ya kwanza ndo anafichwa zaidi, hata kliniki haendi mapema maana atakutana na jirani kwenye benchi, anakuja kujitokeza wiki ya 20 na kitu tumbo likishajisema lenyewe. Mi sina ugomvi na kuficha, kila mtu na imani yake, ila ona kinachopotea: dirisha la kujua tarehe vizuri ni hilo hilo la miezi mitatu unayojificha. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12 kuisha, na angalau utrasaundi moja kabla ya wiki 24. Unaweza kwenda kliniki na majirani wasijue, watu wanaenda hata kituo cha mtaa wa mbali, ila nenda.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakielewi, futi. Unalala kitandani nesi anachukua futi kama ya fundi cherehani anapima kutoka kwenye mfupa wa kinena mpaka juu kabisa mwa mfuko wa uzazi, anaandika 28. Hizo ni sentimita, na baada ya wiki ya 20 na kitu sentimita zinakaribiana na wiki, zikipishana moja au mbili sio neno. Zikizidi sana inaweza kuwa mapacha, au maji mengi, au una uvimbe kwenye kizazi, au tarehe mbovu, au umeenda na kibofu kimejaa. Zikipungua sana wanakutuma utrasaundi. Kwa hiyo kojoa kabla hujapanda kitandani.

Dawa nazo zinafuata wiki. SP, vile vidonge vitatu vya kukinga malaria unavyomeza pale pale nesi anakuangalia, unaanza wiki ya 13, kabla ya hapo hapana, alafu kila unapoongeza dozi iwe umepita angalau mwezi mmoja, na unatakiwa ufikishe tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Ukianza kliniki wiki ya 28 hesabu zinabana. Anayetumia septrin kila siku hapewi SP, azungumze na nesi wake. Kuna jambo halisemwi sana, foliki asidi zinauzwa famasi nguvu tofauti, ile ya miligramu 5 ukiimeza pamoja na SP inaipunguzia SP nguvu, FEFO za kliniki, vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki, zina foliki kidogo hazina shida hiyo. Kwa hiyo ukijinunulia mwenyewe soma kwenye boksi, na mwonyeshe nesi. FEFO zitakufanya upate choo cheusi, usishtuke, na usizimeze na chai maana chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, tumia maji au juisi ya machungwa. Udongo pia, najua hamu inavyokuwa, ule udongo wa vijiti unaouzwa sokoni na harufu yake ya mvua ya kwanza, lakini wenyewe unashika hayo hayo madini tumboni af unaweza kukuletea minyoo, kwa hiyo mtu anameza FEFO asubuhi anatafuna udongo mchana anashangaa damu haipandi.

Mtoto kucheza je? Mimba ya kwanza unachelewa kusikia, wengi ni wiki ya 18 mpaka 20 au zaidi kidogo, wenzako waliokwisha kuzaa wanasikia kuanzia ya 16 kwa sababu wanajua wanasikilizia nini. Mwanzoni ni kama gesi inapita. Kondo likiwa limekaa mbele unachelewa zaidi. Usikubali mtu akuhesabie umri wa mimba kwa kucheza, ni makisio. Ila kuanzia wiki ya 28 mchezo wake una maana kubwa, unaujua mtindo wake, anachachamaa usiku ukilala, siku akitulia isivyo kawaida unaenda kuangaliwa siku hiyo hiyo.

Basi maamuzi. La kwanza kwa mimba ya kwanza kwenye familia nyingi ni kwenda kujifungulia kwenu, kwa mama. Sio jambo baya, utapikiwa, utakandwa, utaogeshewa mtoto. Ila panga kwa tarehe yenye uhakika, sio ya kubahatisha, uwe umefika kabla ya wiki 36, usisubiri umechoka ndo upande basi la masaa kumi, na kama ni ndege mashirika mengi yanataka barua ya daktari kuanzia wiki 28 na mimba ya mtoto mmoja ikishafika wiki 36 wanakukatalia. Beba kadi, na ukifika tu nenda hospitali ya huko wakujue, uulize kama wana damu ya akiba na chumba cha upasuaji, au ambulensi inakupeleka wapi. Kama group lako la damu lina alama ya hasi, liseme mapema kabisa maana kuna sindano inatakiwa karibu na wiki 28 na nyingine ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana damu chanya, na sindano hiyo haipatikani kila mahali wala sio ya bei rahisi.

La pili ni upasuaji wa kupangiwa tarehe. Kama hakuna tatizo la kuharakisha, usikubali upangiwe kabla ya wiki 39, mapafu ya mtoto yanahitaji hizo wiki. Mtoto wa wiki 37 anaonekana kakamilika lakini akizaliwa kwa kisu bila uchungu anaweza kuhangaika kupumua zaidi ya mwenzake wa 39. Na hapo ndo unaona tarehe mbovu inavyoumiza: daktari anadhani 39, mtoto ana 37.

La tatu ndo linalosumbua wengi, tarehe imepita na mtoto hajatoka. Simu hazinyamazi, mama mkwe anataka kuleta majani ya kuongeza uchungu. Majani hayo usiguse, kipimo chake hakijulikani, kizazi kinaweza kubana mfululizo mpaka mtoto akakosa hewa au kizazi kikapasuka. Hospitali inachosema ni hivi: mimba isiyo na tatizo, chini ya wiki 41 kamili, haina haja ya kuanzishiwa uchungu. Ikifika 41, yaani wiki moja baada ya tarehe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri uanzishiwe, na umeweka sharti kwamba ijulikane kwa uhakika kuwa kweli ni 41. Mwenye karatasi ya wiki ya 10 anajibu swali hilo kwa sekunde. Asiye nayo anabaki kukisiwa, wengine wanaanzishiwa mapema bila sababu na wengine wanaachwa wanapitiliza. Kwa hiyo ukiambiwa "tunakuanzishia" uliza tu kwa upole, nesi, hii 41 tumeipata kwa hedhi au kwa utrasaundi ya lini? Sio ukorofi, ni haki yako.

Na uchungu wa mimba ya kwanza ukianza usikimbilie kukata tamaa ukiambiwa njia imefunguka sentimita tatu tangu asubuhi. Mwendo wenyewe unahesabiwa kuanzia sentimita tano, na hata hapo kwa mimba ya kwanza unaweza kuchukua mpaka masaa 12. Ile habari ya kila saa sentimita moja haimfai kila mtu.

Kuna mambo ambayo hayaangalii kalenda kabisa. Kifafa cha mimba kinapenda zaidi mimba za kwanza, kwa hiyo presha ikifika 140 kwa 90, au kichwa kinauma vibaya hakisikii panadol, unaona nyotanyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono vimevimba ghafla, unaondoka nyumbani muda huo huo, iwe wiki 24 au 40. Damu kutoka, chupa kupasuka, homa, mtoto kuacha kucheza, hivyo hivyo. Miguu kuvimba jioni kwa wengi ni kawaida, uso kuvimba asubuhi sio kawaida.

Na kwa walioajiriwa Tanzania, tarehe hiyo hiyo inaenda kwa bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka umpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya siku unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, na unaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Likizo ni siku 84 zenye malipo, ukizaa zaidi ya mtoto mmoja ni 100. Ukianza mapema sana na mtoto akachelewa, siku zinaliwa na kusubiri, ndo maana wengi wanaojisikia vizuri wanasogea nazo mpaka wiki ya 38 au 39. Baba yeye ana angalau siku tatu, na ni lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo asije akaziomba kwa kufuata tarehe ya kwenye simu.